Daftari Lisilokaguliwa

"Mbaazi zimepita Bagara," redio ilisema.

Wilbroad, afisa wa kuzuia ujangili, alipanda ngazi mbili mbili za ofisi ya vibali vya mizigo, bastola ya Browning kiunoni, shati limelowa jasho. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka 2006. Mji wa Babati ulikuwa ukinywa chai.

Chini ya magunia ya mbaazi, lori lile la Fuso lilibeba pembe za ndovu. Dakika kumi na mbili hadi kizuizi cha Bonga. Hapo askari husoma namba ya kibali redioni na kompyuta ya ofisi hii hujibu: halali au haramu. Ikisema halali, haruhusiwi kugusa hata gunia moja.

Mwezi uliopita ilisema halali kwa lori jingine. Shehena ikanaswa bandarini, na Wilbroad mwenyewe akamfunga pingu karani wa zamu, Benadetha.

"Angalia mashine kwanza, Afisa," mama yule alimwambia.

Hakuangalia.

Sasa Benadetha alikuwa na siku ishirini na mbili mahabusu, na binti yake mchanga, Zawadi, alinyonyea humo humo. Leo kibali kama kile kilitoka tena. Aliyefungiwa ndani angekitoa vipi?

Wilbroad aliketi mbele ya kompyuta. Programu ya vibali ilikatwa vipande viitwavyo klasi, kila kipande na faili lake lililokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine. Daftari moja ndani ya kompyuta lilisema klasi ipi inaishi faili lipi. Chombo cha kulisoma hakikuwa na picha wala vitufe. Ulikiandikia mstari mmoja tu.

gcj-dbtool -l vibali.db

Orodha ilishuka. Klasi zote ziliishi kwenye folda ya ofisi. Zote isipokuwa KaguaKibali. Hiyo, inayotamka halali au haramu, ilielekezwa kwenye faili geni, lililofichwa kwenye folda ya mafundi.

Mstari mmoja tu. Angeuandika siku ile, mama wa watu angelala kwake.

Sababu ya kutoangalia aliijua. Fundi wa mashine hii alikuwa Mwalimu Paskasi, aliyemfundisha hesabu darasa la tano. Mzee alisema mashine ni safi, naye Wilbroad akainamisha kichwa. Kijijini kwao Dareda kazi ya mkubwa haikaguliwi mbele ya macho yake. Heshima ile ilimponza mtu mwingine.

Mlango ulifunguliwa.

"Unanikagua mimi, Wilbroad?"

Mwalimu Paskasi alishika mkoba wa ngozi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Toka kwenye kiti hicho."

Redio ilikoroma. "Bonga hapa. Fuso limefika. Kibali saba saba nne. Nijibu."

"Subiri, Bonga."

Wilbroad aliivuta Browning kwa mkono wa kushoto na kuielekeza kwenye mkoba, bila kuinuka. Mkono wa kulia uliendelea kuandika. Alifungua daftari jipya, kwa alama -n. Akaingiza faili la kweli la KaguaKibali, kwa -a. Kisha -t, kulijaribu. Alilijaribu mara mbili, mzee akimtazama.

"Mimi ni mwalimu wako," Paskasi alisema taratibu.

"Ndiyo, Mwalimu. Weka mkoba chini."

Mkoba ulianguka. Bastola ndogo iliteleza hadi chini ya kabati.

Wilbroad aliingiza namba. Kioo kikajibu.

"Bonga, kibali haramu. Fungua magunia."

Wilbroad alimtia Mwalimu pingu akisubiri dakika tatu. Kisha redio: "Pembe arobaini na moja. Dereva tunaye."

Mkuu wake, Xaveria, alimpigia simu akiwa Arusha. Alitaka kujua kosa la kumfunga karani aandike la nani. La fundi?

"Andika langu," Wilbroad alisema.

Saa nane alisimama kwenye lango la mahabusu. Benadetha alitoka amembeba Zawadi mgongoni, kanga imechakaa. Wilbroad alimwomba radhi na kumwonyesha Land Cruiser ya kumrudisha nyumbani.

Mama Zawadi alilitazama gari, kisha akamtazama yeye.

"Uliangalia mashine?"

"Leo. Ndiyo."

"Ilikuchukua muda gani?"

"Haikufika dakika."

Benadetha alitikisa kichwa, akamweka mtoto vizuri, akashika njia ya Bagara kwa miguu, bila haraka, bila kugeuka nyuma. Wilbroad alibaki pale langoni, funguo za gari mkononi, mpaka alipoacha kumwona.