Goti la Baba na Mbio za Kabichi

Kitu cha kwanza alichokiona Sesilia kilikuwa utando wa buibui. Ulikuwa jikoni, kwenye kigoda cha baba yake, umetandwa kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Sesilia aliacha kufagia. Akainama, akautazama. Kigoda hicho hakikuwahi kukaa bure hata siku moja. Asubuhi na jioni baba yake, mzee Zabron, alikikalia karibu na moto, akanywa chai, akapiga soga. Sasa buibui alikuwa amehamia, tena amenenepa.

"Kwa hiyo baba hakai hapa tena," Sesilia alijisemea. "Siku hizi anakunywa chai amesimama. Kwa nini?"

Alijiuliza tu. Hakumwuliza mtu. Sesilia alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na haya nyingi. Aliacha shule akiwa darasa la tano, mwaka ambao mama yake aliugua na ng'ombe wakakosa mtu wa kuwakamua. Tangu hapo aliona kwamba kusema mbele za watu ni kazi ya waliomaliza shule. Yeye alinyamaza. Lakini macho yake yalifanya kazi.

Akaanza kumwangalia baba yake. Aliona anashuka ngazi za mlangoni kiubavuubavu, mkono ukutani. Aliona suruali imembana goti la kushoto. Na Jumamosi, alfajiri ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alimwona anatoka na raba zake kwenda kukimbia.

Mzee Zabron alikuwa na miaka hamsini na nane. Kila mwaka alikimbia Mbio za Kabichi.

Mbio hizo zilikuwa desturi ya usharika wao. Jumapili ya mavuno, kila mtaa wa usharika ulipeleka kanisani kabichi moja kubwa, tena kwa mbio. Wakimbiaji walikuwa watatu. Wa kwanza alipanda nayo kutoka mtoni hadi shuleni. Wa pili aliipokea, akakimbia tambarare hadi njia panda ya Irente. Wa tatu aliteremka nayo hadi mlangoni pa kanisa. Kabichi ilitakiwa kufika nzima, haijapasuka wala kugusa chini. Ikishafika, ilipigwa mnada pamoja na mavuno mengine.

Sehemu ya mteremko walipewa wazee, kwa heshima. "Vijana wana pumzi, wapande wao," watu walisema. "Mzee apewe mteremko. Njia yenyewe itamsaidia." Mzee Zabron alikuwa ameteremka na kabichi ya mtaa wa Juu kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kuiangusha.

Mpinzani wake alikuwa Sefania, mdogo wa mkewe, Marta. Sefania alikimbia kwa niaba ya mtaa wa Bondeni.

"Shemeji!" Sefania aliita Jumamosi hiyo, akipita na jembe begani. "Bado wiki nane. Nasikia umenunua mkongojo."

"Nimekununulia wewe," Zabron alijibu. "Utauhitaji ukishakula vumbi langu."

"Vumbi? Mwaka jana nilikusubiri kanisani mpaka nikasinzia!"

"Ulisinzia kwa sababu mahubiri yalikuwa yameanza, na wewe humpendi Mungu."

Walicheka wote. Lakini Sefania alipopotea kwenye kona, Zabron alishika ukuta, akafumba macho.

Jioni alimwita Sesilia pembeni. "Mwanangu, nenda duka la dawa. Chukua vile vidonge vya maumivu. Na usimwambie mama yako."

Sesilia alikwenda. Ilikuwa mara ya tano. Alijua baba anavimeza viwili kabla ya kukimbia. Akishavimeza, anateremka kama kijana. Kesho yake asubuhi, goti limejaa kama boga.

Siku hiyo Sesilia alisimama njiani akasoma karatasi ya dawa. Alisoma polepole, neno kwa neno. Iliandikwa kwamba mtu asiitumie kwa muda mrefu bila ushauri wa daktari. Akakunja karatasi ile, akaiweka kwenye kanga.

Asubuhi yake alipeleka maziwa kwa Faudhia. Faudhia alikuwa mpangaji wa nyumba ya jirani, mwenyeji wa Tanga. Alifanya kazi hospitalini mjini Lushoto. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha mazoezi wagonjwa wa viungo.

"Shikamoo, dada Faudhia."

"Marahaba, Sesilia. Weka hapo. Mbona huondoki?"

Sesilia alitazama ndoo. Akatazama miguu yake. Kisha akatoa ile karatasi ya dawa.

"Mtu akimeza vidonge hivi ili akimbie," alisema kwa sauti ndogo, "na goti limevimba... ni vibaya?"

Faudhia aliweka kikombe chini. "Mtu gani?"

 Macho ya Sesilia yalikwenda yenyewe mpaka nyumbani kwao, mlangoni, ambako mzee Zabron alikuwa anashuka ngazi kiubavuubavu.

"Haya," alisema Faudhia. "Nimeelewa. Jioni nitakuja kunywa chai."

Jioni alikuja kweli. Baada ya salamu akasema, "Mzee Zabron, nimekuona asubuhi unashuka ngazi kama kaa. Nionyeshe hilo goti."

"Ah, goti! Hili lina kutu tu, mwanangu. Nikikimbia linalainika."

"Likishalainika, kesho yake linakuwaje?"

Zabron alikohoa. Marta akamjibia. "Kesho yake ananuna."

Faudhia alilishika goti. Lilikuwa na moto. Akalikunja, akalikunjua taratibu. Lilikwaruza ndani, na wote wakasikia.

"Mama," Faudhia alimwuliza Marta, "mwisho wa mfupa wa kuku kuna kitu cheupe, nyororo, kinatafunika. Mnakiitaje?"

"Gegedu. Ndilo mzee analomnyang'anya Sesilia kila tukichinja kuku."

"Basi na sisi tunalo. Linafunika ncha za mifupa ndani ya goti, ili mfupa usisage mfupa. La mzee limeanza kulika. Ndiyo maana asubuhi goti linakaza, na likifanya kazi nyingi linavimba. Uliwahi kuliumiza, mzee?"

"Miaka ishirini iliyopita, kule msituni Shume. Tulikuwa tunapasua mbao, gogo likateleza, likanigonga goti."

"Huenda lilianzia hapo. Na umri umeongezea."

"Kwa hiyo si mbio zilizoliharibu?" Zabron aliuliza kwa furaha.

"Mbio peke yake si dhambi. Wako watu wanakimbia mpaka uzeeni na magoti yao ni mazima. Hata mwenye goti kama lako anaweza kukimbia kidogo, kama haliumi wala kuvimba. Lakini wewe unakimbia limevimba. Tena mteremkoni. Tena umemeza dawa ili usilisikie likilia. Maumivu ni mlinzi. Wewe unamlewesha mlinzi, halafu unamwachia mwizi mlango wazi. Na vidonge hivyo ukivizoea, vinaweza kuumiza tumbo na figo."

"Vidonge gani?" aliuliza Marta, akisimama.



"Nani amekuambia habari za vidonge?" Zabron alimwuliza Faudhia. Kisha akamgeukia mkewe. "Ni wewe!"

"Mimi? Mimi ndiyo kwanza nasikia! Zabron, vidonge gani?"

Sesilia aliinamia moto, akaupuliza kwa nguvu ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Faudhia alikunywa chai mpaka kelele zikatulia. Kisha akasema, "Mzee, kupanda kunachosha mapafu. Kuteremka kunachosha magoti. Ukiteremka mbio, kila hatua mwili wote unatua kwa kishindo juu ya goti."

Zabron alishika kidevu. "Kwa hiyo miaka yote hii tunawapa wazee mteremko kwa heshima..."

"Mnawapa sehemu mbaya kuliko zote kwa magoti yao."

Marta alicheka mpaka akajifuta machozi. Zabron hakucheka. Alitazama nje, shambani kwake, ambako matuta yalipanda kilima ngazi kwa ngazi.

"Gegedu likilika, linarudi?"

"Halirudi kama lilivyokuwa. Ukiendelea hivi, utafika siku ambayo hata shambani hutashuka."

Zabron aliyatazama tena yale matuta. "Ni kama udongo wa juu," alisema. "Mvua ikishaubeba, hauupati tena. Kazi yako ni kuulinda uliobaki."

"Hapo umesema. Shambani unaulinda kwa kitu gani?"

"Matuta na majani ya tembo. Mizizi inashika udongo."

"Basi misuli ya mapaja ndiyo majani yako ya tembo. Ikiwa na nguvu, inabeba uzito, goti linapumua. Tutaipanda."

Kesho yake Faudhia alimpeleka hospitalini, goti likapimwa vizuri. Daktari alisema vilevile. Vidonge vikawekwa kando. Wiki za mwanzo Zabron hakukimbia. Alitembea kwenye uwanja wa shule, mahali tambarare penye nyasi. Akishuka shambani alishika fimbo, akapita kwa kukatisha mteremko, na mzigo mzito akamwachia punda.

Kila asubuhi alikaa kwenye kiti, akafungwa mfuko wa maharage wa kilo moja kwenye kifundo cha mguu. Akanyoosha mguu, akahesabu mpaka tano, akashusha. Mara kumi. Apumzike, arudie. Kisha akasimama na kukaa, akasimama na kukaa, bila kushika kitu.

"Maharage yangu yatarudi lini chunguni?" Marta aliuliza.

"Haya yameajiriwa," alisema Zabron.

"Utajuaje kama umezidisha?" Faudhia alimwuliza siku moja.

"Goti likivimba, au maumivu yakikaa mpaka kesho yake, nimezidisha. Napunguza."

"Na ukiona haliumi?"

"Naongeza kidogo. Siyo kwa kukurupuka."

Kigoda nacho kilishughulikiwa. Faudhia alisema ni kifupi mno, kinalikunja goti sana. Zabron alikigongelea miguu mirefu, kikawa kama ndege korongo. Buibui akahama. Baada ya wiki sita uvimbe ulikuwa umekwisha. Goti halikupona kama la kijana, lakini alishuka ngazi akitazama mbele.

Shida ikaja wiki moja kabla ya mbio.

"Shemeji!" Sefania aliita kutoka njiani. "Nasikia siku hizi unafanya mazoezi na maharage! Siku ya mbio utakuja na ugali?"

Watu wawili waliokuwa wanapita wakacheka. Zabron naye alicheka, lakini usoni aliiva kwa aibu. Alipoingia ndani alimwita Sesilia.

"Mwanangu. Nenda duka la dawa. Mara moja tu. Siku ya mbio tu."

Sesilia alisimama.  Akatoka. Baada ya muda mfupi akarudi, akamwekea baba yake mfuko mapajani. Zabron akaufungua. Ndani hamkuwa na vidonge. Mlikuwa na maharage.

Alimtazama binti yake. Sesilia alitazama chini, lakini hakuondoka. Zabron akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo, halafu kwa sauti. Kisha akashusha pumzi, akaichukua fimbo yake ya shambani, akaenda kwa mwinjilisti Timotheo, msimamizi wa mbio.

"Mteremko nauacha," alimwambia. "Mimi na wazee wote tupewe tambarare, na anayetaka kutembea atembee. Mteremko wapewe vijana wenye magoti mapya."

"Miaka kumi na moja, mzee! Na kwenu atateremka nani?"

"Sesilia. Kila siku anashuka njia ile na ndoo ya maziwa, na sijawahi kuona tone limemwagika."

Sefania alipopelekewa habari alibisha kidogo, kwa heshima. Jioni alikuja peke yake, akakaa karibu na Zabron. "Shemeji," alisema taratibu, "hayo maharage ni ya aina gani? Hata goti langu la kulia linalia."

Jumapili ya mavuno ilikuwa na jua safi. Zabron na Sefania walikimbia tambarare bega kwa bega, wakatembea kidogo, wakakimbia tena, wakitaniana njia nzima. Njia panda, Zabron akampa binti yake kabichi.

Sesilia aliteremka kama anavyoteremka na maziwa: hatua fupi, magoti yamelegea, macho mbele. Dotto, kijana wa Bondeni, alimpita kwa kasi. Lakini kwenye kona ya mwisho kabichi ilimponyoka, ikabingirika mbele yake, ikamtangulia kufika kanisani, ikapasukia ngazini. Sesilia aliipita kwa utulivu. Ya kwake ilifika mlangoni nzima, na umande bado uko juu.

Jioni familia ilikaa jikoni. Faudhia alikuwepo, na Sefania pia. Zabron alikaa juu ya korongo lake, akalikunjua goti, akalipigapiga. Halikuwa limevimba.

"Kitu kimoja bado kinanisumbua," alisema. "Nani alimwambia Faudhia habari za vidonge? Marta, leo ni siku ya furaha. Ungama."

"Mimi sikujua, Zabron! Niape mara ngapi?"

"Basi ni nani?"

Sesilia aliweka sufuria chini. Safari hii hakuinama kupuliza moto.

"Ni mimi, baba," alisema, na wote wakamsikia. "Kigoda chako kilikuwa na buibui, na mimi nilitaka urudi ukae hapa."