Shati la Kobe na Fasili za Sindano

Jumamosi saa sita mchana, ukitaka kukanyagwa vidole bila kuombwa radhi, panda ghorofa ya kwanza ya jengo la mafundi simu. Kaunta za vioo, nyaya zinazoning'inia kama tambi, spika tatu zinapiga nyimbo tatu kwa pamoja, na kila mteja anataka ahudumiwe kabla ya mwenzake. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mwembamba, gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa, kitambaa cheupe kichwani kilichopigwa pasi mpaka kinang'aa. Walimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, ila zaidi kwa ulimi.

Fundi alikuwa amemaliza kumbadilishia kibodi. Akaifungua laptopu aijaribu. Skrini ikajaa maandishi, na chini ya kila neno palikuwa na mstari mwekundu.

"Dada, hapa tatizo si kibodi," fundi akasema. "Hii mashine inatokwa na damu."

"We kazi yako vitufe. Usinichungulie mambo yangu."

Nyuma yake mtu akakohoa. "Samahani, dada. Hiyo mistari myekundu ni kosa langu."

Sindano akageuka. Kijana mrefu, miwani, na shati la bluu lililokunjamana kama lililotafunwa na mbuzi likatemwa.

"Kosa lako vipi? Tumejuana lini?"

"Hatujuani. Lakini seva ya lugha hiyo naitunza mimi. Nilitoa toleo jipya Alhamisi. Sasa nimeona kwa macho yangu, linasoma vibaya fasili zilizotangulia."

"Kumbe ni wewe! Siku mbili namlaani mtu nisiyemjua sura!"

"Ndiyo maana tangu Alhamisi kila nikinywa chai napaliwa."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Kwa ambao hamjawahi kukaa na watu wa kompyuta, jambo lenyewe ni hivi. Wana lugha zao za kuandikia programu. Seva ya lugha ni kama msaidizi anayesimama nyuma ya bega lako unapoandika: ukianza neno analimalizia, ukikosea analipigia mstari mwekundu. Lakini msaidizi huyo hajui kitu mpaka aambiwe, na kinachomwambia ni fasili: hiki ni namba, hiki ni jina la mtu, hiki huenda kisiwepo kabisa. Ni kama karatasi mnazobandika kwenye makopo ya jikoni. Karatasi ikisema sukari na ndani mna chumvi, chai yenu mtaijua wenyewe.

Kijana akasogea, akasoma skrini. "Hizi fasili za mizani ya watoto. Kila zahanati inayotumia lugha yetu inazitegemea. Umezipata kwa Sindano?"

"Sindano ni mimi."

Kijana akavua miwani, akaifuta kwa lile shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi. "Mimi miaka miwili nilidhani Sindano ni mzee mwenye mvi."

"Na mimi nilidhani mtunza seva ni mtu mwenye pasi nyumbani."

Kijana huyo wenzake kazini walimwita Kobe, kwa sababu hata kujibu salamu alifikiria kwanza. Lakini siku hiyo namba ya simu aliiomba haraka sana.

*

Sindano aliishi kwa shangazi yake, dobi mwenye duka la kufua na kupiga pasi mtaa wa nyuma wa soko. Asubuhi alipiga pasi mashati ya watu wa maofisini. Mchana, wateja wakipungua, alifungua laptopu juu ya meza ileile ya pasi, mvuke ukimzunguka. Shuka za zahanati ya jirani zilifuliwa hapo. Siku moja alipozirudisha alimkuta muuguzi akiigombeza kompyuta iliyokuwa inasoma mizani. Akaomba aangalie. Tangu siku hiyo hakuacha: fasili moja, ya pili, hadi zikafika mia nne na kumi na mbili, bila cheti, bila mwalimu, bila kuambiwa asante.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka. Lugha ile ilikuwa na watunzaji kumi na wawili, na kila mwaka, siku ya toleo kubwa, walimpigia mtu mmoja kura awe mwenzao. Sindano alishaomba mara mbili. Mara mbili alijibiwa jibu moja: kazi yako ni nzuri, lakini iko nje, atapigiwa kura yule ambaye kazi yake imo ndani ya lugha yenyewe. Mwaka huu toleo kubwa lilikuwa lije baada ya wiki nne, siku ya Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatatu Kobe alileta shati dukani. Jumanne akaleta shati. Jumatano ya wiki ile, Alhamisi, hadi Jumamosi: shati, shati, shati.

Shangazi akaliinua la mwisho, akaligeuza huku na huku. "Baba, hili shati tulilinyoosha jana. Hata halijavaliwa."

"Limekunjamana kidogo njiani, Shangazi."

"Njiani! Umelikunja mwenyewe hapo kona. Nimekuona dirishani ukilifinyanga kama unga." Akaita ndani: "We Sindano! Mgonjwa wako amekuja!"

Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

Kimya.

"Kobe, nimeuliza umekula. Si swali la kufikiria hivyo."

"Nilikuwa nafikiria sauti yako."

"Haya, maliza kufikiria, halafu ule."

Wiki tatu zikaenda hivyo. Mtaa mzima ukajua, na ambao hawakujua Shangazi aliwaambia.

*

Sasa sikilizeni alichokifanya huyu mpole. Alitaka kumshangaza mpenzi wake. Akazichukua fasili zote mia nne na kumi na mbili, zilizokaa katika faili thelathini na moja, akazipanga ndani ya seva yenyewe, kila faili juu yake jina la Sindano. Zikiingia humo, sanduku la zamani la Sindano, lililokaa nje kwenye ghala la michango linaloshikwa na watunzaji, halina kazi tena; nalo lifutwe. Basi akaandaa maombi mawili: la kuongeza ndani, na la kufuta nje. Kwao hakuna anayeruhusiwa kujipitishia ombi lake mwenyewe. Mtunzaji mwenzake akayasoma, akayakubali yote mawili. Kobe akayatega yajiingize yenyewe yakishafaulu mitihani ya mashine, ile inayokagua kama kuna kilichoharibika, akaenda kunywa chai akipiga mluzi. Ilikuwa Jumatano alasiri, siku mbili kabla ya toleo kubwa.

Alisahau jambo moja. Kuongeza kuna mitihani elfu tatu. Kufuta hakuna mtihani hata mmoja.

Ombi la kufuta likapita kwa dakika mbili. La kuongeza likakwama.

Dukani, Sindano alikuwa analipiga pasi shati la Kobe lile la bluu. Laptopu ikalia. Akasoma: Faili thelathini na moja zimefutwa. Aliyefuta: Kobe.

Akasoma tena. Akatafuta sanduku lake, halipo. Miaka miwili, na pamebaki peupe. Akachukua simu.

"Umeona?" Kobe akapokea kwa furaha kabla hata ya haloo.

"Nimeona."

"Umefurahi?"

"Nifurahi?"

"Ni jambo la kufanywa zamani, mpenzi. Pale hazikuwa mahali pake."

Sindano akarudia: "Hazikuwa mahali pake."

"Kabisa. Hata wenzangu wamesema tulichelewa. Nilitaka ushtuke kidogo."

"Nimeshtuka. Sikia wewe Kobe. Ijumaa ndiyo siku yangu, ulijua. Nilikufungulia kila faili kwa mkono wangu, na wewe ukawa unahesabu cha kufuta. Usinipigie. Usilete shati. Ukipita mtaa huu, pita unakimbia, kama unaweza."

Akakata, akaifungia namba yake isiingie. Ndipo aliposikia harufu. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la bluu, upande wa kushoto wa kifua, na moshi unapanda taratibu.

Shangazi alikuja mbio. Akalitazama shati, akamtazama mtoto wa kaka yake. Akazima pasi, akavuta kigoda, wakakaa wote wawili bila neno, na kwa watu wa ukoo ule kukaa bila neno ni msiba.

*

Kobe alijua ukweli Alhamisi asubuhi. Alipoliona ombi la kuongeza bado limekwama, akarudia maneno aliyoyasema kwenye simu, moja baada ya jingine, na kila moja likamchoma. Akapiga simu mara kumi na saba. Akajaribu kuutatua mtihani uliokwama, siku nzima, kwa mwendo wake. Hakuuelewa. Angeweza kulirudisha sanduku nje kama lilivyokuwa, ikawa hakuna kilichopotea. Lakini toleo kubwa lingetoka bila Sindano, na yeye angengoja mwaka mwingine mlangoni.

Ijumaa saa nne asubuhi akaonekana mtaani, anakimbia. Kinyozi alitoka nje na mteja wake mwenye povu shavuni, washuhudie.

Shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tumefunga."

"Shangazi, mlango uko wazi."

"Umefungwa kwako."

"Sikuja kuomba msamaha." Alikuwa anahema kama mbwa. "Msamaha nitaomba mchana. Nina saa mbili tu. Aone kitu kimoja, halafu anifukuze."

Shangazi alimpima toka kichwani hadi viatuni. Alikuwa amevaa soksi mbili za rangi tofauti. Mwanamke mwenye uzoefu akiona soksi za namna hiyo anajua mwanamume hakulala kwa raha. Akampisha.

Kobe akaiweka laptopu yake juu ya meza ya pasi, akaifungua, akarudi nyuma hatua tatu.

Sindano alitazama kwa jicho la pembeni. Kisha kwa mawili. Faili thelathini na moja, ndani ya seva yenyewe. Juu ya kila moja: Mwandishi, Sindano.

"Hizi..." akasema.

"Ndizo. Nilikuwa nazihamisha. Kufuta kukatangulia kuongeza. Nilipokuuliza umeona, nilidhani umeona hizi."

"Na ulisema hazikuwa mahali pake!"

"Mahali pake ni hapa."

Sindano akataka kulia, akaona aibu, akageuza kuwa ukali. "Na hii nyekundu hapa chini ni nini?"

"Mtihani uliokwama. Elfu mbili mia tisa tisini na tisa imepita, mmoja umegoma. Seva inasema uzito wa mtoto lazima uwe namba. Fasili yako inasema huenda usiwepo. Nilitaka kuibadilisha fasili yako ifanane na seva, halafu nikaogopa. Kila ulichoandika kina sababu."

"Ungeibadilisha ningekuchoma wewe, si shati." Akasogeza kigoda. "Umewahi kumpima mtoto wa miezi mitatu?"

"Sijawahi."

"Anapiga mateke. Akipiga mateke mizani haitulii, na isipotulia haitoi namba. Haitoi kitu. Ukilazimisha iwe namba, mashine inaandika sifuri, na muuguzi anapanga dawa kwa mtoto wa kilo sifuri. Fasili iko sawa. Seva yako ndiyo haijaona mtoto."

Kobe akakaa chini, juu ya kapu la nguo chafu, kama aliyepigwa. "Miaka mitano naitunza."

"Haya, nipishe."

Vidole vikaanza. Shangazi alifunga mlango, akawaambia wateja wapite saa nane. Saa tano na robo Sindano alibadilisha seva sehemu moja, ikavunjika sehemu ya pili. Saa tano na nusu akarekebisha ya pili. Kobe alisoma kila mstari nyuma ya bega lake, akikuna kidevu, akisema "subiri" na "hapo rudi", na mara mbili upole wake ulimwokoa Sindano na haraka yake. Saa tano na dakika arobaini na tano wakabonyeza. Mitihani ikaanza kupita: mia, elfu, elfu mbili.

"Mbona inakwenda polepole?" Shangazi akauliza.

"Imemfuata mwenyewe," Sindano akajibu, na hapo Kobe akajua kuwa amesamehewa.

Elfu tatu. Kijani yote.

Saa sita kamili toleo kubwa likatoka. Saa sita na dakika kumi na moja laptopu ya Sindano ikalia. Akaisukuma kwa Shangazi, hakuthubutu kusoma. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mazishi: "Watunzaji kumi na wawili. Kura za ndiyo... kumi na mbili. Karibu, Sindano, mtunzaji wa kumi na tatu."

Kigelegele alichopiga kilimfanya kinyozi amkate mteja wake sharubu za upande mmoja. Sindano alirukaruka kwa gauni lake, akalikumbatia kapu, akamkumbatia Shangazi, akamkumbatia Kobe, na huyo akasahau kumwachia.

"Sasa ni mchana," Kobe akasema. "Niliahidi msamaha. Nisamehe, mpenzi. Na nina ombi lingine."

"Liseme."

"Nataka kukuoa."

Sindano, mwenye ulimi ule wote, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Kama mizani ya mtoto anayepiga mateke. Mwishowe akasema, "Kwetu watunzaji mtu hajipitishii ombi. Lisomwe na mwingine."

Wote wawili wakamgeukia Shangazi. Akavua miwani, akaikunja, akajipa muda wake.

"Nimelisoma. Lina kasoro moja. Afute ule uongo wa mashati. Mtu akija kumwona mkewe haji na shati mkononi."

"Nafuta, Shangazi!"

"We ngoja!" Sindano akamdaka mkono. "Kwanza ongeza. Kufuta baadaye."

Siku ya harusi bwana harusi alivaa koti jeusi, akalifunga vifungo vyote, na joto lile, akakataa katakata kulivua. Wageni walijipepea, wakamhurumia. Bibi harusi peke yake ndiye aliyejua chini yake kuna shati gani la bluu, na alama ya pasi iko upande gani wa kifua. Kila akimtazama alicheka. Wakasema bibi harusi gani huyu hana haya. Naye akacheka zaidi.