Neno Alilolikana Nazifa

Kila asubuhi Nazifa alikiacha Kisileti, lugha ya nyumbani kwao, langoni mwa shule, kama mtu anavyoacha kandambili mlangoni. Ndani alisema Kibangla cha Dhaka tu. Asubuhi hiyo Tonima, binti wa daktari mpya kutoka Dhaka, alimuuliza kama kwao wanasema "kile cha mashambani".

"Aka! Nyumbani kwetu hakuna anayekijua," Nazifa aliapa.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Aliporudi adhuhuri alimkuta Bibi Sufura, aliyemlea tangu utotoni, ameketi kizingitini akihema, kikapu cha malimau kimepinduka.

"Hospitali, mjukuu wangu. Upesi!"

Nazifa alimpandisha kwenye riksho. Chumbani kwa daktari walimkuta Tonima pembeni, akifanya kazi za shule.

"Haf," Bibi alisema, akionyesha mguu. "Haf!"

Kwa Kisileti, huyo ni nyoka. Lakini kwa masikio ya mtu wa Dhaka, lilisikika kama neno la kutweta. Daktari aliutazama mguu, hakuona uvimbe.

"Anatweta. Hii ni pumu," alisema. "Au wewe, binti, unaelewa anachosema?"

Tonima aliinua macho. Nazifa akayakwepa.

"Sijui, Daktari."

Bibi alimgeukia, akamkazia macho. Kope zilikuwa zikimwanguka, ulimi umekuwa mzito. Daktari akaanza kutayarisha dawa ya pumu. Aibu ilimziba Nazifa mdomo, lakini hofu ya kumpoteza Bibi ikaishinda.

"Acha, Daktari! Nimedanganya! Haf ni nyoka!" Akamwinamia Bibi, akamuuliza kwa Kisileti, kwa sauti, mbele ya Tonima: "Bibi, nyoka gani? Lini?"

"Mweusi... mistari myeupe. Kabla ya adhana."

Nazifa alitafsiri neno kwa neno. Daktari alitimua mbio kufuata dawa ya sumu.

Kesho yake alasiri, Bibi aliweza kukaa na kunywa chai.

"Nisamehe, Bibi."

"Nyoka aliniuma, sikusikia uchungu. Ile 'sijui' yako ndiyo iliyouma." Nazifa akaangua kilio. Bibi akamvuta kifuani. "Mwacha asili ni mtumwa, mjukuu wangu. Sema Kibangla, sema na Kiingereza ukitaka. Ila lugha iliyokulea usiikane."

Daktari na Tonima walikuwa wamesimama mlangoni.

"Mimi nami nilikosa, sikuuliza mara mbili," daktari alisema, akifungua daftari. "Haya, mwalimu, nifundishe. Tumbo mnaliitaje?"

Nazifa alifuta machozi, akamtazama Tonima usoni.

"Fet," akajibu, kwa sauti iliyosikika wodi nzima.