Kibao cha Lifti ya Pili

Zimamoto walipovunja mlango wa lifti Jumapili asubuhi, mshonaji wa ghorofa ya saba alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, pampu ya pumu mkononi. Pampu ilikuwa tupu.

"Alikwama jana saa sita mchana," daktari wa uchunguzi wa maiti alimwambia Inspekta. "Akafa kama saa kumi. Muda wa kuomba msaada alikuwa nao."

Na aliomba. Kitufe cha dharura kilipiga simu mara tano kwenye kituo cha kampuni ya lifti, bara jingine kabisa. Inspekta alisikiliza rekodi. Mshonaji na mpokea simu walihangaika kwa lugha ya kuazima, kila mmoja na lafudhi yake. Walichoelewana ni namba tu. Mshonaji aliisoma kwenye kibao kilichokuwa mbele yake: 4107. Mpokea simu akairudia bila kukosea.

Fundi alitumwa. Akaripoti kwamba lifti ni nzima na haina mtu. Simu tatu za mwisho zikaandikwa mzaha.

Sasa fundi alikuwa mahabusu, akingoja shtaka la uzembe uliosababisha kifo.

"Hukwenda," Inspekta alimwambia.

"Nilikwenda, afande. Nilipanda nikashuka mara mbili."

"Lifti aliyofia mshonaji?"

"Ya 4107. Jengo la pili, kama ilivyo kwenye orodha."

Inspekta akanyanyuka bila kuaga.

Majengo yalikuwa mawili, yamefanana kama pacha, yanatazamana. Katika lifti aliyofia mshonaji, kibao cha 4107 kilikuwa kidogo kuliko alama kiliyoifunika. Skrubu ziling'aa, ukuta wote ulikuwa na kutu. Ng'ambo, kwenye lifti nzima, palikuwa na kibao kikubwa: 4108. Faili la ukaguzi lilisema 4108 ilikataliwa mwezi wa pili, ikapita mwezi wa tatu. Hakuna kipuri kilichobadilishwa.

Msimamizi wa majengo yote mawili, ambaye wakazi walimwita Funguo, aliletwa chumba cha mahojiano. Alikana kwa nusu saa. Inspekta akaweka skrubu nne mezani.

"Mkaguzi alikuwa mgeni," Funguo alisema hatimaye. "Nilihamisha vibao, nikampeleka jengo la pili. Akapitisha. Sikuvirudisha tena."

"Kwa nini?"

"Mama yangu anakaa nami ghorofa ya tisa. Miguu haina kazi. Kliniki ya figo mara tatu kwa wiki. Lifti ilipofungwa nilimbeba mgongoni mwezi mzima. Siku moja nikamwangusha."

"Na jana?"

Funguo alitazama viganja vyake.

"Nilimsikia mshonaji akigonga. Nikamwona fundi anaingia jengo la pili. Ningemwita, angeona kibao, lifti ingefungwa. Nikasema nitamtoa mwenyewe. Nikazungusha gurudumu la mashine ya lifti kule juu, likakataa. Saa kumi akanyamaza."

"Ukafanya nini?"

"Nikampikia mama uji."

Fundi aliachiwa mchana huo. Lifti ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi, kwa hiyo Inspekta alipanda ngazi ghorofa zote tisa, akijaribu maneno ya kumwambia mama yake Funguo.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikaa kwenye kiti cha magurudumu, amevaa, mkoba wa kliniki mapajani.

"Karibu, baba. Wewe ni wa lifti?"

"Hapana, mama."

"Mafundi wamemaliza? Maana jana waligonga mpaka saa kumi."