Yeyuka, Msumari, Yeyuka

Miguu Kidawa alikuwa nayo, tena ya mbio. Lakini usiku ukiingia, miguu hiyo haikujua njia ya kitandani! Ilikuwa lazima Mama ambebe mgongoni.

Halafu Mama akaanza kuchoka. Akipika, anakaa. Akifagia, anakaa.

“Nibebe, Mama.”

“Leo siwezi, mwanangu.”

Kidawa akaenda kulala kwa miguu yake. Moyo ulimuuma.

Asubuhi walikwenda zahanati. Nesi Mwanahawa akampima Mama damu.

“Damu yako imepungukiwa chuma, mama Kidawa,” alisema. “Vidonge vya kuongeza chuma vimekwisha. Vikija kesho, nitakuletea nyumbani.”

Chuma! Kidawa alikuwa na chuma. Alikuwa na msumari wake wa kuchorea mchangani. Aliupenda kuliko vitu vyote.

Jioni aliuosha. Akautia kwenye kikombe cha maji. Chubwi!

“Yeyuka, msumari, yeyuka.
Mama yangu anakungoja.”

Msumari kimya.

Akakoroga. Koro, koro, koro.

“Yeyuka, msumari, yeyuka.
Mama yangu anakungoja.”

Msumari kimya.

Kulipokucha, maji yalikuwa na rangi ya kutu. Msumari ulikuwa palepale, mgumu vilevile. Kidawa akalia kwa kwikwi.

Hodi, hodi! Nesi alikuja na vidonge.

“Nilitaka kumpa Mama chuma changu,” Kidawa alimwambia, “na kimekataa kuyeyuka!”

Nesi hakucheka. Alichuchumaa.

“Msumari ni chuma kitupu, kiko peke yake. Hakiyeyuki majini, wala hakiliwi.” Akatoa kidonge. “Humu chuma kimeshikana na wenzake, kikawa chumvi.”

“Chumvi ya mboga?”

“Hapana, chumvi ya chuma. Ni dawa ya Mama tu. Tazama.”

Akatia kipande cha kidonge kwenye maji safi. Taratibu, kikayeyuka.

“Basi leo Mama atanibeba?”

“Leo bado, mwanangu. Chuma huingia kwenye damu polepole.”

Leo bado. Kesho bado. Kila usiku Kidawa alimpelekea Mama maji ya kumezea dawa. Kisha akaenda kulala kwa miguu yake. Mara nyingine alilia kidogo.

Mpaka usiku mmoja, Mama akainama.

“Panda.”

Kidawa akapanda. Mama akatembea. Akapumzika mlangoni, akatembea tena.

Kidawa akalaza shavu kwenye mgongo wa Mama. Akasikia moyo wake. Du, du, du.

“Polepole, Mama,” akanong'ona. “Mimi sina haraka.”

Akasinzia kabla hawajafika kitandani.