Baiskeli Nyuma ya Mlango

Jua lilikuwa linazama Melkior alipotoka Shanwe. Alikuwa amekwenda kumwita Juliana, mama mdogo wa mkewe Kalista, aje akae nao, maana Kalista alikuwa wa kujifungua siku yoyote. Juliana alisema atakuja kesho asubuhi. Melkior akapanda baiskeli yake, akageuza kurudi Kashaulili, Mpanda mjini. Wingu zito lilikuwa limeshafunika upande wa mgodini, na upepo ulileta harufu ya mvua.

Baiskeli ile ilikuwa fahari yake na taabu yake. Miaka ile ya hamsini reli ilikuwa bado mpya Mpanda, mgodi wa madini ya risasi ukivuta watu kutoka Ufipa, Mpimbwe, mpaka ng'ambo ya Burundi, na kijana mwenye baiskeli nyeusi yenye keria ya kubebea mizigo alisalimiwa kwa heshima. Lakini Melkior hakuwa na pa kuiweka. Yeye na Kalista walipanga chumba kimoja katika nyumba ndefu ya mabati ya Mama Romana, na Mama Romana hakutaka baiskeli kwenye korido yake. "Watu watajikwaa gizani, watavunja meno, halafu nilaumiwe mimi," alikuwa akisema. Ukiiacha barazani, wezi wanaichukua. Wasipoichukua wezi, fisi wanakuja kutafuna tandiko la ngozi.

Basi ililala ndani.

Kila jioni Kalista alitangulia, akapanda kitandani na tumbo lake. Melkior akaingia kinyumenyume akiivuta baiskeli, akafunga mlango, akaliegemeza gurudumu la nyuma kwenye mbao za mlango na la mbele kwenye mguu wa kitanda. Hapo chumba kilikuwa kimejaa. Mlango wenyewe ulifungukia ndani, kwa hiyo mtu akitaka kutoka ilibidi kwanza ainyanyue baiskeli. Walizoea. Wapangaji huzoea mengi.

Jioni hiyo, kwenye mteremko wa mto mdogo uliokauka, alimwona mwanamke amesimama kando ya njia. Alijifunika shuka jeusi mpaka kichwani. Mkono mmoja ulishika tumbo.

"Kaka," akanong'ona. "Nibebe."

"Unakwenda wapi, dada?"

"Mjini. Kwa mkunga."

Melkior alimfikiria Kalista. Angependa mtu amsaidie mkewe hivyo hivyo. "Panda," akasema. "Nitakufikisha."

Alisubiri aone baiskeli ikididimia kama inavyodidimia mtu akikaa nyuma. Haikudidimia. Alihisi tu vidole vikishika shati lake kiunoni, vya baridi kama mawe ya mtoni. Akakanyaga pedeli.

Njia nzima Melkior alikanyaga bila kugeuka. Ila kulikuwa na harufu... Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, na chini yake harufu ya damu.

Alipofika kwa Mama Romana alishusha mguu mmoja chini. "Tumefika mjini, dada. Shuka, zahanati ni hapo mbele, nitakuonyesha."

Akageuka. Keria ilikuwa tupu.

Alijiambia kwamba yule mwanamke ameruka njiani, pengine ameona ndugu zake. Matone ya kwanza yalianza kupiga mabati, akaiinua baiskeli kuivusha kizingiti. Mikono ikagoma. Baiskeli aliyokuwa akiinyanyua kila siku ilikuwa nzito kama gunia la mahindi. Aliivuta kwa nguvu zake zote, shingo ikamtoka mishipa.

"Kwani umebeba nini?" Kalista aliuliza kutoka kitandani.

"Sijabeba kitu."

Akafunga mlango. Gurudumu la nyuma mlangoni, la mbele kitandani. Na mvua ikamwagika.

Mvua za Mpanda zikipiga bati, mtu na mkewe huongea kwa kupigiana kelele. Walikaa kitandani wakila viazi, kibatari kikiwaka juu ya sanduku. Kalista akakunja pua. "Nini kinanuka?"

Melkior alikuwa akiangalia chini ya keria. Palikuwa na maji pale sakafuni. Baiskeli ilikuwa imeingia kavu, lakini maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye chuma cha keria, tone, tone... na dimbwi lilikuwa linakua. Kwenye mwanga wa kibatari halikuwa na rangi ya maji.

Springi ya keria ikalia. *Kwiii.* Kama mtu anajiweka vizuri.

"Melkior," Kalista akasema polepole, amemshika mkono kwa kucha. "Maji yamenitoka. Mtoto anakuja."

Melkior aliruka. Akaikamata baiskeli kwa usukani, akavuta. Haikusogea. Akashika fremu, akainua kwa mgongo mzima. Haikusogea hata unene wa ukucha. Ilikuwa kana kwamba imepandwa pale na ina mizizi. Aliupiga mlango kwa ngumi.

"Mzee Ubaldo! Mama Romana! Tusaidieni!"

Ubaldo alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mzee wa Kipimbwe aliyefanya kazi mgodini tangu ulipofunguliwa. Melkior alipiga kelele mpaka koo likakauka ndipo akasikia nyayo za mzee koridoni, na sauti ya Mama Romana nyuma yake.

"Sukumeni mlango! Mke wangu ameshikwa na uchungu!"

Walisukuma. Mbao zililia. Mlango haukufunguka hata upenyo wa kupitisha kidole. Dirisha lilikuwa tundu la ukubwa wa sahani, limezibwa kwa waya. Nyuma ya Melkior, Kalista alitoa mlio mrefu, wa ndani kabisa.

Halafu upande wa pili Ubaldo akaacha kusukuma.

"Melkior," akaita. "Humo ndani mko wangapi?"

"Wawili tu, mzee!"

"Hapana. Kuna mtu yuko hapa hapa mlangoni. Nimeweka sikio. Namsikia anahema."

Nywele za Melkior zilisimama. Yeye alikuwa amerudi nyuma mpaka kitandani. Kati yake na mlango palikuwa na baiskeli peke yake.

"Leo umempakia mtu?" Ubaldo akauliza.

"Mwanamke... kule mtoni. Alikuwa na tumbo."

Alimsikia Mama Romana akisema, "Yesu na Maria."

"Hiyo baiskeli aliyekuuzia ni Bartolomeo," Ubaldo akasema mdomo kwenye mbao. "Mkewe alishikwa na uchungu huko Shanwe walikokuwa wamepanga. Watu walimwona akimpakia wakati wa magharibi kumleta mjini. Mjini alifika peke yake. Alisema mke kaenda kwao kuzalia. Sisi tukauliza, kwao wapi, kwa miguu? Baada ya siku chache akakuuzia wewe baiskeli, akapanda treni. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu. Hakuna anayejua."

Kibatari kikapungua. Mwanga ukawa mdogo, wa bluu. Na hapo Melkior akamwona. Hakumwona vizuri, bali kama unavyoona kitu ndani ya maji machafu. Shuka jeusi lililolowa. Goti. Mkono juu ya tumbo. Amekaa upande kwenye keria kama wanavyokaa wanawake, mgongo wake umeegemea mlango.

"Hujanifikisha," akanong'ona.

Ajabu ni kwamba mvua ilikuwa inanguruma, lakini mnong'ono ule aliusikia wazi.

Melkior alipiga magoti. "Dada, nakuomba. Shuka kidogo tu. Nimtoe mke wangu, halafu nirudi nikuchukue wewe. Naapa."

"Na yeye aliniambia hivyo hivyo. Shuka kidogo, nipandishe baiskeli kilimani." Maji yalidondoka, tone, tone. "Nikashuka."

Chumba kikawa baridi kama pango.

"Sishuki tena."

Melkior aliruka akaikamata ile baiskeli kama mwendawazimu, akiivuta, akiipiga teke, akilia. Alihisi ubaridi ukipanda mikononi mwake mpaka mabegani. Mlangoni Ubaldo alikuwa ameanza kupiga mbao kwa shoka, lakini shoka liligonga kama linagonga jiwe. Chumba kilizidi kuwa kidogo. Kila Kalista alipougua, kuta zilionekana kusogea.

"Acha," Kalista akasema.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso umejaa jasho. Hakuwa anamwangalia mumewe.

"Acha, Melkior. Usimwambie ashuke."

"Kalista, usiongee na—"

"Dada," Kalista akasema, akiongea na ile keria kama mtu anavyoongea na mwenziwe kwenye foleni ya kisimani. "Wewe ulianza kuumwa kabla yangu. Kaa hapo hapo. Mimi nitatembea. Ila tuachie njia, twende wote."

Springi ikalia. *Kwiii.*

Kisha magurudumu yakazunguka yenyewe, polepole, na baiskeli ikasogea mbele ikijipenyeza kando ya kitanda. Mlango uliokuwa ukipigwa shoka ukafunguka ghafla, Ubaldo akaangukia ndani na shoka lake.

Melkior alishika usukani, akasukuma. Ilikuwa nzito, lakini ilikwenda. Kalista alitembea ubavuni, amemshika Ubaldo bega. Mama Romana aliwafunika kwa mwavuli, rozari imefungwa kwenye kiganja. Maji ya mvua yalikuwa yanafika vifundoni. Kila uchungu ulipokuja, Kalista alisimama, na Melkior naye akasimama, kwa sababu baiskeli yenyewe ilikataa kwenda. Ilikuwa inamsubiri.

Karibu na zahanati radi ilimulika barabara nzima. Mama Romana akaangusha mwavuli.

Mvua ilikuwa hailoweshi keria. Ilikuwa inachirizika hewani, juu ya bega na juu ya tumbo la mtu ambaye hakuwepo.

Mkunga wa zahanati, Skolastika, alifungua mlango na taa ya chemli mkononi. Alimwangalia Kalista. Kisha akaangalia nyuma ya baiskeli, akaangalia kwa muda.

"Ingieni wote wawili," akasema. "Wanaume bakini nje."

Na hapo hapo usukani ukawa mwepesi mikononi mwa Melkior, mwepesi kiasi kwamba nusura aanguke.

Walikaa barazani. Mvua ikapungua, vyura wakaanza. Baada ya muda mtoto alilia ndani, kilio kikali cha afya. Ubaldo akacheka, akampiga Melkior mgongoni. "Umekuwa baba!"

Kabla mkono haujatoka mgongoni, mtoto mwingine akalia. Huyu alilia kwa mbali, kama analia kutoka ndani ya ardhi.

Skolastika alipotoka alikuwa anajifuta mikono.

"Mtoto wa kike. Mama mzima."

"Mapacha?" Melkior akauliza.

"Wako ni mmoja." Akafuta tena mikono iliyokuwa safi. "Nilikata vitovu viwili. Usiniulize kingine."

Aliporuhusiwa kuingia, Kalista alikuwa amelala na mtoto kifuani. Kitanda cha pili hakikuwa na mtu. Shuka lake lilikuwa limekunjwa vizuri, na juu yake palikuwa na tope jekundu.

"Amekwenda," Melkior akanong'ona. "Tumemfikisha. Yamekwisha."

Kalista alimnyonyesha mtoto mpaka akashiba.

"Alinishukuru," akasema. "Alilia sana, Melkior. Halafu akaniomba kitu kimoja. Akasema amejifungua, lakini hana pa kwenda na kichanga."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ukweli. Hata sisi tumepanga. Chumba chetu ni kidogo mno."

"Vizuri. Vizuri sana."

"Akasema hahitaji pakubwa. Akasema yeye na mwanawe, nafasi ya baiskeli inawatosha."

Nje jogoo aliwika. Melkior alimshika mkewe mkono. "Kalista. Ulimjibu nini?"

Kalista alimfunika mtoto uso kwa pembe ya kanga.

"Niliona aibu kumkatalia."

Baiskeli hawakurudi nayo. Melkior aliiacha pale pale ukutani mwa zahanati, na siku ya pili haikuwepo. Watu walisema imeibwa. Lakini majirani wa nyumba ile ya mabati walishangaa jambo moja kwa muda mrefu, mpaka siku familia hiyo ilipohama Mpanda. Chumba kilikuwa sasa na nafasi, sakafu tupu kati ya kitanda na mlango, ya kutosha kuweka hata kiti. Hawakuweka kiti. Na kila walipoingia au kutoka, Melkior, Kalista, baadaye hata mtoto alipoanza kutembea, walipita pembeni kabisa, mgongo ukutani, taratibu, kama watu wanaoogopa kumwamsha aliyelala.