Treni Isiyomsubiri Mzee

Kila siku ya soko, Babu Waitara alikuwa wa mwisho kushuka garini. Abiria wengine waliruka chini wakaenda zao. Yeye aliteremsha kwanza litungu lake, lile zeze kubwa la Wakurya, kisha akamuaga dereva, konda na kila jirani aliyekaa naye. Mokami, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, aliliona jambo hilo kila mara, lakini hakuwahi kulisema. Alikuwa na haya mno. Hata shikamoo yake ilitoka kama mnong'ono.

Siku hiyo walikwenda kwenye duka la intaneti la Faridu, mjini Tarime. Babu alikuwa amealikwa kupiga litungu kwenye tamasha Ujerumani. Tiketi ya ndege ilikuwa tayari. Ilibaki ya treni. Mlipaji alikuwa baba mdogo Tomaso, aliyepata dhahabu kwenye duara lake, yaani shimo lake la machimbo, kule Nyamongo, na alitaka kurudi shimoni upesi. Tangu dhahabu ianze kutoka, kila mtu alikuwa na haraka.

"Hii ndiyo ya bei nafuu," Faridu alisema akionyesha kompyuta. "Mzee atashuka mji wa Cologne, apande treni nyingine. Ila ukishalipa, pesa hairudi."

"Kata hiyo hiyo!" Tomaso alisema.

Mokami alichungulia. Kati ya treni moja na nyingine palikuwa na dakika sita tu. Babu akiachwa stesheni, bila kujua lugha, atakwenda wapi?

"Baba mdogo," alinong'ona, "treni itamsubiri Babu?"

Tomaso akacheka. "Wewe mtoto! Basi la Mwanza humsubiri, sembuse treni ya Wazungu? Nani aondoe gari huku anamwona mzee anakuja na litungu?"

"Kweli kabisa, mzee ni mzee," Faridu akaitikia.

Mokami alisogea mbele. "Tumuulize shangazi Agustina, yeye anaishi huko. Babu hushuka wa mwisho. Lazima aage watu."

Faridu akapiga simu. Sauti ya shangazi ikajaa dukani. "Dakika sita? Mmerogwa? Treni ya huku haimsubiri hata bwana harusi! Kateni inayofuata. Nikitoka kazini nitamkuta Cologne, nimpandishe mwenyewe."

Tomaso alijikuna kichwa. "Kumbe nilikuwa namtupa baba yangu njiani!" Akalipia ile ya baadaye, wala hakunung'unika juu ya bei.

Walipotoka nje, Babu alimshika Mokami begani.

"Mjukuu wangu, heshima si kunyamaza mbele ya wakubwa. Ukiona shimo, mwambie anayetangulia, hata kama ni mzee wako. Leo umeniokoa."

Mokami aliinua uso.

"Babu, sitaki uende," alisema. "Lakini nenda. Halafu urudi."